Divai ya Rasi na Watoto wa Mashambani

Leo tuzungumze juu ya divai, ile ambayo siku hizi wengi huiita waini.

Mwezi uliopita, katika kliniki ya wajawazito, mama mmoja aliniuliza: "Sista, mimi bia sigusi, na chang'aa siijui. Lakini kukiwa na harusi nakunywa waini, glasi moja tu. Si ni zabibu?" Wenzake walicheka, ila niliona kila mmoja ametega sikio. Jibu nilimpa, nanyi nitawapa. Kwanza twende Afrika Kusini, kwa maana huko divai ina historia ndefu, na watoto ndio walioumia.

Mwaka 1652 Mholanzi Jan van Riebeeck alitia nanga kwenye Rasi ya Tumaini Jema, palipo mji wa Cape Town leo. Kampuni yake ilitaka kituo cha kuwapatia mabaharia maji, mboga na nyama. Mizabibu ilipandwa mwaka 1655, na tarehe 2 Februari 1659 aliandika katika kumbukumbu zake kwamba zabibu za Rasi zimekamuliwa divai kwa mara ya kwanza. Baadaye, divai tamu ya shamba la Constantia, lililoanzishwa mwaka 1685, ilisifika Ulaya hata Napoleon akawa anapelekewa alipokuwa kifungoni katika kisiwa cha St Helena.

Wajuzi wa divai wana adabu zao za kuionja. Huitikisa kwenye glasi, huitazama rangi, huinusa, huizungusha kinywani, halafu huitema kwenye ndoo. Ndiyo, huitema! Ndiyo maana mwonjaji anaweza kupitia chupa nyingi kwa asubuhi moja na bado akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Waliolima zabibu hizo hawakuwa na nafasi ya kutema. Walikuwa watumwa walioletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia, pamoja na Wakhoikhoi, wenyeji walionyang'anywa malisho yao. Mwaka 1658 van Riebeeck alifungua shule ya watumwa, na ili wahudhurie aliamuru kila mmoja apewe glasi ndogo ya brandi na kipande cha tumbaku baada ya masomo. Wengi wa wanafunzi hao walikuwa watoto. Mama, hebu mfikirie mwanao akitoka shule akipewa brandi kama zawadi.

Utumwa ulifutwa mwaka 1834, lakini toti ilibaki. Wenyewe waliiita "dop". Mfanyakazi alipewa divai alfajiri kabla ya kuingia shambani, kisha mara kadhaa mchana, na tena jioni akitoka. Ilikuwa divai duni, isiyo na bei sokoni, nayo ikahesabiwa kuwa sehemu ya mshahara. Mtu aliyezoeshwa hivyo hahami kirahisi kutafuta mwajiri mwingine, na naamini wenye mashamba walilijua hilo vizuri sana. Sheria ilipiga marufuku desturi hiyo miaka ya 1960, lakini mashamba mengine yaliendelea nayo hadi miaka ya 1990. Wanawake nao walifanya kazi humo, na walikunywa wakiwa na mimba.

Wakati huo madaktari wengi hawakuona hatari. Mwaka 1968, mjini Nantes, Ufaransa, daktari Paul Lemoine na wenzake waliandika habari za watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi. Waliandika kwa Kifaransa, na wachache sana waliwasoma. Mwaka 1973 madaktari Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, waliona dalili zilezile wakazitangaza: mtoto mdogo kuliko umri wake, kichwa kidogo, macho yenye uwazi mfupi, mdomo mwembamba wa juu, na akili inayochelewa kushika mambo. Watafiti walipowachunguza watoto wa darasa la kwanza katika mji mmoja wa eneo la divai la Western Cape, walikuta zaidi ya 40 katika kila 1,000 wana hali hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000.

Inatokeaje? Pombe ikiingia katika damu ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Ini lake bado changa, haliwezi kuisafisha, kwa hiyo hukaa nayo muda mrefu. Ubongo hujengwa miezi yote tisa, wala hakuna kipimo cha pombe kinachojulikana kuwa salama.

Sasa lile swali la zabibu. Zabibu zikichacha, sukari yake hugeuka pombe. Glasi moja iliyojaa vizuri ina pombe inayokaribia ile ya chupa ya bia ya nusu lita. Na muratina, busaa au mnazi pia ni pombe ileile, hata kama imetengenezwa na nyanya yako.

Kama ulikunywa kabla hujajua una mimba, usijifungie ndani ukilia. Acha leo, kisha mweleze mkunga bila kuficha. Kila siku usiyokunywa inamsaidia mtoto. Nawe uliyejifungua, ukiambiwa pombe huleta maziwa, ujue huyachelewesha kutoka. Mnyonyeshe mtoto mara kwa mara, kula vizuri, kunywa maji na uji.

Walezi, mtoto aliyezaliwa na hali hii haponi, lakini husaidika. Mpe agizo moja kwa wakati, ratiba isiyobadilika, na uvumilivu. Huenda anayeitwa mkaidi darasani hakushika alichoambiwa. Mpelekeni kliniki mapema. Wala msimzomee mama yake, kwani wale wa Rasi walilipwa kwa kikombe.

Yule mama wa harusi alikuwa na swali la pili. Alisema shemeji zake ndio humjazia glasi, na akikataa huambiwa anaringa. Nilimwomba aje nao siku yake inayofuata ya kliniki. Alikuja na mmoja, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, akasikiliza hadi mwisho.