Nani Mwenye Haki ya Kupiga Sarafu?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Ama baad. Vijana wengi wanauliza: je, yafaa mtu kuwasha kompyuta yake nyumbani "akachimba" sarafu ya kidijitali? Kabla ya kukimbilia hukumu, tuitazame historia, kwani suala la nani atoe sarafu si geni kwa mafakihi.

Zama za Mtume (s.a.w.) watu walitumia dinari za Warumi na dirhamu za Wafursi. Al-Baladhuri amepokea katika Futuh al-Buldan kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alifikiria kufanya dirhamu za ngozi za ngamia, akaambiwa ngamia watakwisha, akaacha. Kisha mwaka 77 Hijria (696/697 Miladia) Khalifa Abdul-Malik bin Marwan akapiga dinari ya Kiislamu isiyo na picha, yenye uzito wa gramu 4.25 hivi. Sikka ikawa alama ya utawala. Hata masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba kwa majina yao.

Kwa hiyo Imam Ahmad aliona haifai kupiga dirhamu ila katika nyumba ya sarafu na kwa idhini ya mtawala. Naye Imam Nawawi, katika al-Majmu', ametaja kuwa ni makuruhu kwa raia kupiga sarafu hata zikiwa safi, kwa kuwa hiyo ni kazi ya Imamu na raia hawaaminiki na kughushi. Imam Malik, kwa upande wake, alisema lau watu wangefanya ngozi kuwa sarafu, angechukia ziuzwe kwa dhahabu na fedha kwa kukopeshana. Hapa wamefahamu baadhi ya wanazuoni kwamba makubaliano ya watu yanaweza kukipa kitu hukumu ya fedha.

Sasa tuje kwenye bitcoin. Aliyejiita Satoshi Nakamoto aliieleza mwaka 2008, na ikaanza Januari 3, 2009. Haina nyumba ya sarafu. Kompyuta hushindana kubahatisha nambari, na kila baada ya dakika kumi hivi mshindi huandika ukurasa mpya wa daftari la miamala, akalipwa. Mwaka 2009 kompyuta ya kawaida ilitosha, na malipo yalikuwa bitcoin 50. Malipo hayo hupunguzwa nusu kila kurasa 210,000. Tangu Aprili 2024 ni 3.125. Tangu mwaka 2013 zimetawala mashine maalumu, zilizojaa maghala kwa maghala. Anayeanza leo na kompyuta ya nyumbani hushindana na maghala hayo, na gharama ya umeme humzidi pato.

Tukipima kwa kauli za Maimamu, illa ya kughushi ni dhaifu hapa, kwani kila kompyuta hukagua kazi ya mwenzake. Illa ya kuingilia kazi ya mtawala ndiyo iliyobaki, na ndiyo maana wanazuoni wamehitilafiana. Baraza la Ulamaa la Indonesia, Novemba 2021, liliharamisha kuitumia kama sarafu, na wapo walioihesabu kuwa ni mali.

Tunachousia ni hiki: mtu aijue kwanza sheria ya nchi yake, apige hesabu ya umeme asije akaingia katika israfu, na ajiepushe na wanaokusanya pesa za watu wakidai kuwachimbia ilhali hawana mashine. Huko ni kula mali za watu kwa batili, na hilo halina hitilafu.

Wallahu a'lam.