Nikolai Antsiferov na Elimu ya Mahali

Warusi wana neno kraevedenie. Sehemu yake ya mwisho ina maana ya ujuzi. Ya mwanzo, krai, hubeba maana mbili, yaani ukingo na eneo. Katika mhadhara huu nitaliita elimu ya mahali: uchunguzi wa historia, majengo, mazingira na kumbukumbu za mahali pamoja, ambao aghalabu hufanywa na wenyeji wenyewe.

Miongoni mwa mabingwa wa elimu hiyo alikuwa Nikolai Antsiferov (1889–1958). Alisoma katika Chuo Kikuu cha Saint Petersburg chini ya Ivan Grevs, mtaalamu wa Zama za Kati, aliyewapeleka wanafunzi wake Italia wajifunze historia pale pale ilipotendeka. Antsiferov aliihamishia mbinu hiyo katika mji wake. Wakati huo mji ulikuwa umedhoofika: wakazi wake, waliozidi milioni 2 mwaka 1917, walibaki takriban 700,000 mwaka 1920. Kitabu chake Dusha Peterburga, yaani Nafsi ya Petersburg, kilitoka mwaka 1922. Humo alifuatilia jinsi washairi na waandishi wa vizazi mbalimbali walivyouona mji uo huo. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu juu ya Petersburg ya Dostoevsky. Tukumbuke kwamba Raskolnikov, mhusika wa mwandishi huyo, anajua kuwa kutoka langoni mwa nyumba anamoishi hadi nyumba ya yule bibi kizee ni hatua 730. Kwa Antsiferov, hatua za namna hiyo zilistahili kufuatwa kwa miguu, maana fasihi na mtaa hufasiriana. Aliyeisoma Al-Inkishafi kisha akasimama katika magofu ya Pate hatahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1929 alikamatwa na kupelekwa katika kambi ya visiwa vya Solovki. Miaka hiyo hiyo vyama vya elimu ya mahali vilisambaratishwa kote nchini. Aliachiliwa mwaka 1933, akakamatwa tena mwaka 1937, akapelekwa Mashariki ya Mbali hadi mwaka 1939. Mwanawe alifariki mwaka 1942 wakati mji ulipozingirwa.

Kwa nini dola imwogope mtu anayeongoza matembezi mitaani? Naona jibu ni hili: anayejua mahali pake kwa undani ana kumbukumbu asiyopewa na mtawala, wala hawezi kuamriwa aisahau.

Antsiferov hakuiacha kazi yake. Mwaka 1944, huko Moscow, alitetea tasnifu kuhusu mji katika fasihi ya Kirusi. Kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa mwaka 1992, miaka 34 baada ya kifo chake. Mji wake, ulioitwa Petrograd mwaka 1914 na Leningrad mwaka 1924, ulikuwa umerudishiwa jina lake la asili mwaka mmoja tu kabla.