Gari Jepesi na Barua ya Rindt

Baba yangu aliendesha malori miaka 22, Tanga hadi Dar, Dar hadi Mbeya, na kipimo chake cha gari ni kimoja tu: uzito. Mtu akimwita amsaidie kukagua gari la kununua, haanzi na injini. Anafungua mlango, anaufunga, anasikiliza. Mlango ukilia kama sufuria, anatikisa kichwa: "Hili karatasi." Ukijifunga kwa kishindo kizito cha chini, anasema: "Hili gari."

Nimekua nikiamini hivyo, na sikuwa peke yangu. Kwetu gari likisifiwa husifiwa kwa utulivu wake barabarani, kwa ubeti wa bati lake, kwa namna linavyokanyaga shimo na kuendelea na safari kama halijaona kitu. Ndiyo maana nilijisikia kama msaliti mwaka jana, nikiwa na miaka 34, nilipoanza kutafuta gari ambalo baba asingelitazama mara mbili. Nilitaka jepesi. Viti viwili, paa la turubai, gia za mkono, basi.

Naishi Norwich, mashariki mwa Uingereza. Nilikuja kwa masomo, nikabaki kwa kazi. Nje ya mji kuna barabara nyembamba za vijijini, zenye kona zisizoisha na ua wa miti pande zote mbili. Ukisogea kidogo kuna uwanja wa mbio wa Snetterton, uliokuwa kituo cha ndege za kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili. Siku maalumu mtu yeyote mwenye gari linalokubalika hulipa ada, akavaa helmeti, akasikiliza maelekezo ya usalama, kisha akaingia uwanjani na gari lake mwenyewe. Si mashindano, hakuna kombe wala mshindi. Ukiharibu gari, mara nyingi bima yako ya kawaida haikutambui. Jioni unarudi nyumbani na gari hilohilo, ukiwa na bahati.

Kwa matumizi hayo mawili, kona za vijijini na siku za uwanjani, kila niliyemuuliza aliniambia neno moja: wepesi. Na kila aliyelitamka neno hilo alilifuatisha jina la Colin Chapman.

Chapman alizaliwa mwaka 1928 na kusomea uhandisi wa miundo katika chuo cha University College London. Gari lake la kwanza alilitengeneza kutokana na Austin Seven iliyochakaa. Mwaka 1952 alianzisha Lotus katika mazizi ya zamani ya farasi nyuma ya hoteli ya baba yake, Hornsey, kaskazini mwa London. Inasimuliwa kuwa mtaji ulikuwa pauni 25, mkopo kutoka kwa mchumba wake, Hazel. Mtu mwenye pauni 25 hawezi kununua injini kubwa. Anachoweza kufanya ni kuondoa. Msemo unaohusishwa naye mpaka leo ni kwamba kwanza rahisisha, kisha ongeza wepesi.

Hesabu yake si ya ajabu. Gari la kilo 600 na gari la kilo 1,800 yakienda mwendo uleule, jepesi limebeba theluthi moja tu ya nishati ya mwenzake. Kwa hiyo breki zake hazichemki haraka, tairi hazihangaiki sana kwenye kona, na injini ndogo inatosha. Nguvu ya injini inakusaidia pale barabara inaponyooka. Wepesi unakusaidia kuondoka, kukata kona na kusimama.

Mwaka 1957 hesabu hiyo ilizaa Lotus Seven: mabomba ya chuma yaliyounganishwa, mabati ya alumini, magurudumu manne yaliyochomoza nje, na karibu hakuna kingine. Wengi waliinunua ikiwa vipande, kwa sababu gari lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi, vipande havikutozwa. Kuna hadithi wapenzi wa Lotus hawachoki kuisimulia: sheria ilikataza kumpa mteja maelekezo ya kuunganisha, basi akapewa maelekezo ya kubomoa, ayasome kuanzia mwisho. Mwaka 1973 kodi hiyo ilipobadilishwa, Chapman aliuza haki za gari hilo kwa kampuni ya Caterham, ambayo inalitengeneza hadi leo.

Caterham ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha yangu. Jirani mmoja mzee anayo, akanipa lifti. Jamani! Unakaa chini kiasi kwamba ukinyoosha mkono unagusa lami. Hakuna mlango wa kufunga ili baba asikilize. Kila kokoto unaliona kabla hujalikanyaga, na usukani unakuambia kila kitu, mpaka unyevu wa barabara. Tulipofika kona ya tatu nilikuwa nacheka kama mtoto. Usiku nikalala nikiwa nimeamua. Akiba yangu ilitosha kununua iliyotumika.

Kilichonirudisha nyuma ni barua.

Kazi yangu ni uandishi wa habari, na ugonjwa wa waandishi ni kusoma zaidi ya inavyohitajika. Nikaanza kumsoma Chapman wa miaka ya 1960, aliyekuwa amehamia kwenye mbio za Formula One na kushinda. Jim Clark alitwaa ubingwa wa dunia kwa Lotus mwaka 1963 na 1965. Falsafa ilikuwa ileile: ondoa, ondoa tena. Lakini sasa magari yalikuwa na kasi kubwa mno, na vitu vilivyopunguzwa unene vilianza kukatika.

Mei 1969, katika mbio za Barcelona, mabawa ya nyuma ya magari yote mawili ya Lotus yalivunjika. Graham Hill alitoka salama. Mwenzake Jochen Rindt, aliyekimbia kwa bendera ya Austria, aliumia. Siku chache baadaye Rindt alimwandikia Chapman. Hoja ya barua ile ni ya mtu mwenye adabu anayeogopa: magari yako ni ya kasi sana kiasi kwamba hata ukiongeza paundi chache za uzito kwenye sehemu zilizo dhaifu, bado tutashindana. Hakuomba gari zito. Aliomba kilo kadhaa.

Tarehe 5 Septemba 1970, katika mazoezi ya Monza, mhimili wa breki ya mbele wa Lotus ya Rindt ulikatika. Gari likaingia kwenye vizuizi vya pembeni, ambavyo navyo havikuwa vimefungwa vizuri. Alifariki akiwa na pointi ambazo hakuna aliyezifikia hadi msimu ukaisha. Ndiye dereva pekee aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa Formula One akiwa ameshazikwa.

Nilipofika hapo niliacha kusoma nikaenda kutembea. Nilimkumbuka baba mdogo wangu. Alifariki nikiwa sekondari, ndani ya kipanya, kwenye barabara ya Segera. Kiti alichokalia hakikuwa cha kiwandani: fundi alichomelea benchi la ziada ili abiria waongezeke, na bolti zilizopaswa kuwa nne zilikuwa mbili. Baba alikwenda kuliangalia lile gari lilipovutwa. Hajawahi kutuambia aliona nini. Ila tangu hapo, ndipo alipoanza ile tabia ya kufunga milango na kusikiliza.

Sisemi kwamba mhandisi wa London na fundi wa kuchomelea mabenchi ni mtu mmoja. Mmoja alitafuta ushindi, mwingine nauli. Lakini katika historia zote mbili aliyepunguza chuma si aliyekaa kwenye kiti. Na hilo ndilo swali ambalo sikuwa nimejiuliza nilipokuwa nacheka kwenye Caterham: kilo zilizoondolewa hapa, nani anazilipa? Nikienda Snetterton peke yangu, nimevaa helmeti, ni mimi, na nimekubali. Lakini Jumapili kwenye barabara za vijijini, kiti cha pili kitakuwa na mke wangu, na trekta la mkulima halitoi taarifa kabla ya kona.

Basi nikageukia historia ya watu waliojaribu kuurudisha wepesi bila kuurudisha woga.

Kufikia mwaka 1980 magari madogo ya michezo ya Uingereza yalikuwa yanakata roho. MGB, iliyopendwa sana Marekani, iliongezewa bampa nene za mpira mwaka 1974 na kuinuliwa juu ili ikidhi kanuni mpya za huko. Ikawa nzito na ya kuyumba. Wengi waliona ndiyo mwisho: usalama umeua wepesi. Lakini mwaka 1979 mwandishi wa habari za magari wa Marekani, Bob Hall, alikuwa amezungumza na Kenichi Yamamoto wa Mazda, akamwambia kwamba dunia inahitaji gari jepesi, rahisi, la wazi, kama yale ya Waingereza. Miaka miwili baadaye Mazda wakamwajiri. (Nakiri kama mwandishi mwenzake nina wivu. Mimi ushauri wangu haujawahi kujenga hata kibanda.)

Gari hilo, MX-5, lilizinduliwa Chicago Februari 1989. Mhandisi mkuu, Toshihiko Hirai, aliliongoza kwa wazo la Kijapani liitwalo jinba ittai, mpanda farasi na farasi kuwa kitu kimoja. Waliichunguza Lotus Elan ya mwaka 1962, gari la Chapman lenye uzito usiofika kilo 700, lakini hawakulifuata mpaka mwisho. MX-5 ilikuwa na kilo kama 950, bodi ya chuma, injini ya lita 1.6 yenye nguvu farasi 115, na paa ambalo unalikunja kwa mkono mmoja. Zile kilo 250 za ziada ndizo zilizolifanya liwake kila asubuhi. Mwaka 2016 walitengeneza la milioni moja.

Lotus wenyewe nao walijifunza. Chapman alifariki Desemba 1982. Mwaka 1996, katika kiwanda cha Hethel, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwangu, walianza kuuza Elise: fremu ya alumini iliyounganishwa kwa gundi badala ya kuchomelewa, yenye uzito wa kilo 68 hivi, ngumu ajabu, na gari zima kilo 725. Hapo wepesi ulitokana na kufikiri, si kukonda. Nilikwenda kuiangalia moja. Kuingia ni kazi ya sarakasi, kutoka ni kazi ya dua, na kuendesha ni raha tupu. Ila bei yake imepanda tangu uzalishaji ulipokoma mwaka 2021, na akiba yangu haikupanda nayo.

Nikanunua MX-5 ya kizazi cha nne, kile kilichotoka mwaka 2015. Injini ya lita 1.5, nguvu farasi 131, mifuko ya hewa, na uzito ambao bado haujafika mbali na tani moja, karibu sawa na lile la 1989. Pale Snetterton Caterham zinanipita kama nimeegesha. Madereva wananipungia mkono, nami nawapungia. Nafahamu wanachokihisi, na siku nyingine nakitamani.

Jioni nililolileta nyumbani nilimpigia baba simu ya video, nikamwonyesha. Baada ya shikamoo hakuuliza bei wala kasi.

"Hebu funga mlango."

Nikaufunga. Akasikiliza, uso umekunjamana.

"Karatasi," akasema. Kisha akasogeza simu karibu na sikio. "Funga tena."

Nikaufunga tena. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza mke wangu atakaa upande gani, na mkanda wa kiti hicho nimeukagua mimi mwenyewe au nimeambiwa tu na muuzaji.

Nilikuwa nimeambiwa na muuzaji. Nikashusha simu, nikaingia upande wa abiria, nikauvuta.