Safari ya Mtoto Mwenye Ulemavu Katika Vitabu vya Hadithi

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, vitabu vya watoto viliongezeka kwa kasi Ulaya na Marekani. Shule zilikuwa zimeenea, uchapishaji ulikuwa umeshuka gharama, na madhehebu ya Kikristo yalitaka watoto wasome hadithi zenye mafundisho. Wakati huohuo kifua kikuu cha mifupa na matege viliwalemaza watoto wengi, na wazazi waliwaona majumbani mwao au kwa jirani. Kwa hiyo mtoto mwenye ulemavu aliingia mapema katika hadithi, lakini hakuruhusiwa kubaki kama alivyo.

Mwaka 1872 Mmarekani Susan Coolidge alichapisha What Katy Did. Katy ni msichana mtundu anayeanguka kutoka kwenye bembea aliyokatazwa, akaumia mgongo na kulala kitandani miaka kadhaa. Anajifunza upole na uvumilivu, kisha anatembea tena. Mwaka 1881 ilitoka sehemu ya pili ya Heidi, hadithi ya Johanna Spyri wa Uswisi. Humo Clara, msichana wa Frankfurt anayetumia kiti cha magurudumu, anamtembelea Heidi milimani. Peter, mchunga mbuzi, anashikwa na wivu na kukisukuma kiti hicho mpaka kinaporomoka na kuvunjika, na Clara anaanza kutembea. Miaka 30 baadaye, katika The Secret Garden ya Frances Hodgson Burnett, Colin naye anainuka kutoka kwenye kiti chake bustanini. Nje ya kundi hili la wanaopona walikuwapo waovu, kama Long John Silver wa mwaka 1883, haramia mwenye mguu mmoja na gongo. Mtoto mwenye gongo aliyetafuta mfano wake vitabuni aliachiwa mambo mawili tu: apone, au awe mtu wa kuogopwa.

Kwa nini waandishi waling'ang'ania kuponya? Wapo wanaotaja dini, kwa kuwa Injili imejaa viwete wanaosimama, na mateso yalihesabiwa kuwa chuo cha tabia njema. Wengine wanataja tiba: matege huweza kupungua kwa jua na chakula bora, na madaktari wa zama zile waliwapeleka wagonjwa milimani kufuata hewa safi. Maelezo yote mawili yana ukweli, ila hayatoshi. Hewa ya milimani haielezi kupona kwa Katy, ambaye hakutoka nyumbani kwao. Na dini haimwelezi vizuri Colin, anayeponywa zaidi na bustani, marafiki na imani katika nguvu za nafsi yake. Lois Keith, mwandishi wa Uingereza ambaye mwenyewe hutumia kiti cha magurudumu, aliichambua hoja hii katika kitabu chake cha mwaka 2001. Aliona kwamba waandishi hao walishindwa kuwaza maisha ya utu uzima yaliyokamilika kwa mtu asiyetembea. Hivyo mhusika alipaswa ama kupona ama kufa kabla kitabu hakijafungwa. Nami naona maelezo haya ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu yanawagusa wote watatu: Katy, Clara na Colin.

Athari yake kwa msomaji mdogo ilikuwa nzito. Mtoto aliyesoma akiwa amekaa kwenye kiti chake alifundishwa kuwa furaha inaanza siku anapoinuka. Asipoinuka, lawama ni yake: hakuomba vya kutosha, au hakujitahidi.

Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1970. Nchini Marekani watu wenye ulemavu walikuwa wameanza kudai haki zao hadharani, na sheria ya mwaka 1975 ikazilazimu shule za umma kuwapokea watoto wote wenye ulemavu. Walimu walihitaji vitabu vya kuwaandaa wanafunzi wengine. Kimojawapo kilitangulia sheria hiyo kwa mwaka mmoja: Don't Feel Sorry for Paul cha mpigapicha Bernard Wolf, kinachomwonyesha mvulana mwenye viungo bandia akienda shule na kupanda farasi. Hakuna anayeponywa humo, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, vitabu vingi vya kipindi hicho vilizungumza na mwanafunzi wa dawati la jirani. Mwenye ulemavu mwenyewe alikuwa somo la darasa.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 1985 kilianzishwa nchini Norway kituo cha kukusanya vitabu vya watoto wenye ulemavu kutoka duniani kote. Tangu mwaka 2014 mkusanyiko huo umetunzwa Toronto, Kanada. Kisha wenye ulemavu wenyewe wakashika usukani. Katherine Schneider, mwanasaikolojia asiyeona, alianzisha tuzo inayobeba jina la familia yake, nayo imetolewa tangu mwaka 2004 na chama cha wakutubi wa Marekani kwa vitabu vinavyoonyesha ulemavu kwa ustadi.

Kitabu kinachoonyesha vizuri tofauti iliyoletwa na hatua hii ni El Deafo, alichokiandika na kukichora Cece Bell mwaka 2014. Bell alipoteza uwezo wa kusikia akiwa na miaka minne kwa homa ya uti wa mgongo. Shuleni alivaa kifuani chombo kikubwa cha kumsaidia kusikia, nacho kilipokea sauti kutoka kwenye kipaza sauti alichovaa mwalimu. Mwalimu aliposahau kukizima, Cece alimsikia hata akiwa nje ya darasa, mpaka chooni. Kifaa kilichomwaibisha kikawa nguvu ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo darasani. Wahusika wote amewachora kama sungura, masikio yakiwa yamesimama, kwa hiyo waya zake haziwezi kufichika. Mwandishi hafichi upweke wake, wala hasira yake kwa marafiki wanaomsemesha polepole kama mjinga. Tunapolinganisha na Wonder ya R. J. Palacio, iliyotoka mwaka 2012 na kupata wasomaji wengi zaidi, tofauti inaonekana. Auggie, mvulana mwenye uso usio wa kawaida, anapendeza na hadithi yake imewafanya wengi wawe wema zaidi. Lakini anahitimisha mwaka wa shule kwa medali mbele ya umati, kana kwamba kuishi na sura yake ni ushujaa. Cece hapewi medali. Anapata rafiki, na hilo ndilo alilolitafuta tangu mwanzo.

Je, vitabu hivi vinajenga kweli? Mwaka 2006 watafiti Lindsey Cameron na Adam Rutland walichapisha matokeo ya kuwasomea watoto wa Uingereza wa miaka 5 hadi 10 hadithi za urafiki kati ya watoto wenye ulemavu na wasio nao. Mitazamo ilibadilika zaidi pale ambapo hadithi ilitaja ulemavu waziwazi kuliko pale ulipofunikwa kwa sifa binafsi za mhusika. Utafiti huo uliwapima watoto wasio na ulemavu, kwa hiyo tusiuchukue kama kipimo cha kujithamini kwa wenzao. Lakini kujithamini hulelewa pia na namna wenzako wanavyokutazama, na hapo ushahidi unatufaa.

Historia hii imefika pia Tanzania, kwa njia ya uchungu. Baada ya mauaji ya watu wenye ualbino kufahamika duniani mwishoni mwa muongo wa 2000, Mmarekani Tara Sullivan alitoa mwaka 2013 riwaya ya Golden Boy. Habo, mvulana mwenye ualbino, anakimbia kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam na kujifunza uchongaji kwa mzee asiyeona, ambaye anamthamini kwa kazi ya mikono yake. Ni kitabu chenye huruma ya kweli, lakini kimeandikwa kwa Kiingereza na mtu wa mbali. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Ibara ya 8 ya mkataba huo inazitaka nchi ziwalee watoto wote, tangu wakiwa wadogo, katika kuheshimu haki hizo. Wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam, waiteni waandishi wenye ulemavu, wapeni muda na malipo stahiki, waandike utoto wao kwa Kiswahili. Nanyi walimu, vitabu hivyo vikitoka, msiviache kabatini.