Lwembe: Cheo Ambacho Warithi Walikikimbia

Kwenye Dungeons & Dragons, gemu la mezani lililotoka Marekani mwaka 1974, anayecheza kuhani anaenjoi sana. Anaomba, majeraha ya wenzake yanapona, kundi zima linamtegemea. Utamu wenyewe ni huko kutegemewa, miujiza ni nyongeza tu. Akichoka, anaacha dadu mezani anaenda kula.

Kwa Wanyakyusa haikuwa gemu. Lubaga, milimani juu ya bonde la Kyela, alikaa Lwembe, kuhani na mfalme kwa pamoja. Mvua, mavuno, uzazi, vyote viliaminiwa kuwa mwilini mwake. Sasa kasheshe: akiugua sana, wazee wake walimziba pumzi, asije akaondoka na rutuba ya nchi. Kabla hajakata roho walimng'oa nywele na kucha, zikafukiwa kwenye tope la mto. Ng'ambo ya Songwe, kilimani Mbande karibu na Karonga, Kyungu wa Wangonde naye alimalizwa kwa kuzibwa pumzi.

Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1930, aliandika kwamba wanaume wa ukoo ule waliogopa kuchaguliwa. Wengine walikimbia kabisa, ikabidi mrithi akamatwe kwa nguvu.