Vani Mbili, Barabara Mbili

Dereva wa Ford Econoline ya mwaka 1961 na mwenzake wa UAZ-452 ya mwaka 1965 walikaa namna moja: mbele kabisa, juu ya magurudumu, injini ikinguruma kati yao na abiria wa pembeni. Wamarekani na Warusi walitafuta kitu kimoja, nafasi kubwa ya mzigo ndani ya gari fupi. Kilichowatenganisha ni barabara.

Econoline ilitumia mitambo ya Falcon, gari dogo la familia. Bila mzigo, nyuma ilikuwa nyepesi mno, hata Ford ikaongeza chuma cha kilo zipatazo 75 huko nyuma kuisawazisha. Mafundi bomba na wasambazaji wa bidhaa mijini waliipenda. Lami ilikuwapo, nani angehitaji zaidi?

Ulyanovsk, mji wa Urusi wenye kiwanda cha UAZ, hali ilikuwa nyingine. UAZ-450 ya mwaka 1958, mama wa 452, ilijengwa juu ya chesisi ya GAZ-69, gari la jeshi. Ndiyo maana magurudumu yote manne yalivuta na tumbo la gari likawa mbali na ardhi. Ikabeba wagonjwa, barua na askari katika matope ya masika na theluji. Wenyewe waliiita Bukhanka, mkate wa boflo, na ukiitazama ubavuni huwezi kubisha. Starehe haikuwamo. Joto la injini, kero wakati wa kiangazi, lilikuwa neema Siberia.

Kwa familia, mashindano hayakuwapo. Mmarekani alinunua vani yenye viti dukani, na miaka ya 1970 vijana wakazitandika mazulia na vitanda. Mwishoni mwa 1983 Chrysler ikaanza kuunda vani ndogo inayovutwa na magurudumu ya mbele, inayoingia gereji ya nyumbani. Wazazi wengi wakahamia huko. Katika Urusi ya Kisovyeti, vani kwa kawaida ilikuwa mali ya taasisi.

Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika mwaka 1991, wachuuzi walihitaji gari lao. Kampuni ya GAZ ya Nizhny Novgorod ikaleta GAZelle mwaka 1994: kigari cha tani moja na nusu, kilichoendeshwa kwa leseni ya gari dogo. Matoleo yake ya abiria yakawa marshrutka, binamu wa daladala na matatu zetu.

Mwaka 2014 Ford iliacha kuunda vani ya Econoline, ikaweka Transit iliyoasisiwa Ulaya. Ulyanovsk waliendelea na Bukhanka, umbo lilelile. Kwa safari ndefu na watoto ningechukua ya Kimarekani bila kusita. Kwa kijiji kisicho na barabara, boflo.