Usiku nilioijenga Lua, na swali la kalamu nyekundu

Haya wadau, nimerudi. Wiki tatu bila kuandika, najua, na wawili wenu mmenisimamisha pale kwenye vimbwete kuniuliza kama blogu imekufa. Haijafa jamani, ilizidiwa na projekti. Leo nawaletea habari ya usiku mmoja na historia ya miaka thelathini na ushee, maana vyote viwili vimenibadilishia projekti yenyewe. Ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Kwa wasiojua: projekti yangu ya mwaka wa mwisho ni programu ya chama cha msingi cha wakulima wa korosho kule nyumbani, ambako mjomba wangu ni karani. Mkulima analeta mzigo, unapimwa, halafu kwenye malipo kuna makato: ushuru, mchango wa chama, usafiri na mengine. Makato hayo hubadilika msimu hadi msimu. Nilitaka karani aweze kuyabadilisha mwenyewe bila kunisubiri mimi. Basi nikaanza kubuni lugha ndogo ya programu, yangu mwenyewe, yenye maneno ya Kiswahili: kama, basi, vinginevyo, mwisho. Miezi miwili nimeikalia. Nilishaipa hata jina, ambalo leo silitaji kwa aibu.

Wiki iliyopita msimamizi akanirudishia pendekezo. Pembeni kwa kalamu nyekundu kaandika swali moja tu: kwa nini uandike lugha yako wakati zipo nyingine? Jibu anataka Jumatatu.

Nilichukia, nisiwafiche. Nikamwambia mwenzangu wa chumbani kwamba mawazo kama haya ndiyo yanayotufanya tubaki watumiaji milele. Akacheka.

"Kaka, sisi ni wa kupakua tu. Nitajie lugha ya programu iliyotoka nje ya Marekani na Ulaya, na dunia ikaitumia."

Nikamtajia Ruby ya Japani.

"Japani haihesabiki. Nitajie ya nchi kama zetu."

Hapo nikaikumbuka Lua. Niliwahi kusikia kwamba imetoka Brazili, basi, zaidi ya hapo sikujua kitu. Ilikuwa Ijumaa usiku, bando limekwisha, lakini nilikuwa na flashi niliyoachiwa na kaka mmoja aliyemaliza mwaka juzi. Ndani yake kulikuwa na Lua 5.1.4 katika msimbo wake wa asili, pamoja na makala ya mwaka 2007 ambayo waliotengeneza lugha hiyo waliandika historia yao wenyewe. Faili lote la Lua ni kilobaiti 212. Picha moja ya simu yako huenda ni kubwa kuliko hiyo mara kumi. Ndani yake mna mistari kama 17,000 ya lugha ya C, na mwongozo juu.

Kompyuta yetu ni ile ya mezani tuliyochangia kwa hela ya bumu, mtumba, inatumia Ubuntu. Kompaila ya C ninayo tangu mwaka wa kwanza. Nikafungua furushi, nikaingia kwenye folda, nikaandika:

make linux

Mistari ikaanza kushuka, faili moja baada ya jingine, nikaanza kutabasamu. Karibu na mwisho kabisa ikagoma. Inalalamika kwamba haioni faili linaloitwa readline.h. Readline ni maktaba ya pembeni, si sehemu ya Lua. Kazi yake ni kukuwezesha kubonyeza mshale wa juu na kurudisha amri uliyoandika mwanzo. Kwenye Ubuntu faili zake za kujengea huzipata mpaka upakue kifurushi cha libreadline-dev. Na bando ndiyo hilo limekwisha. Mwenzangu yuko kitandani anasikiliza. "Si nilikwambia? Ya kupakua."

Nikakaa kama dakika kumi naiangalia skrini. Halafu, bila mpango wowote, nikaandika make peke yake. Kumbe ukifanya hivyo Lua hii inakuomba utaje mfumo wako, na inakupa orodha: aix, ansi, bsd, freebsd, generic, linux, macosx, mingw, posix, solaris. Mifumo mingine hapo sijawahi hata kuiona kwa macho. Neno lililonivuta ni generic, yaani ya mashine yoyote ile. Nikafuta mabaki ya jaribio la kwanza, nikajenga upya:

make clean
make generic
make test

Haikumaliza hata dakika. Ikaniletea salamu yake: Hello world, from Lua 5.1! Nikamalizia na sudo make install, nikaweka nywila, na Lua ikakaa ndani ya /usr/local kama mwenyeji. Mwenzangu alikuwa ameshalala, kwa hiyo sikupata wa kumringia.

Usingizi ulinipaa, nikafungua ile makala ili nielewe kwa nini kuna mlango huo wa generic. Na hapa ndipo historia inapoanza.

Toka mwaka 1977 mpaka 1992 Brazili ilikuwa na sera ya kuhifadhi soko la ndani la kompyuta. Kuingiza mashine na programu kutoka nje kulikuwa na vizuizi vikali, kwa imani kwamba nchi inaweza na inapaswa kujitengenezea vya kwake. Kampuni ikitaka programu maalumu ya kutoka nje, ilibidi ipite kwenye urasimu mrefu kuthibitisha kwamba hakuna Mbrazili anayeweza kuitengeneza. Msije mkadhani naisifia. Watu walilipa bei kubwa kwa mashine zilizokuwa nyuma ya zile za nje.

Katika mazingira hayo, mwaka 1987, chuo kikuu cha PUC-Rio mjini Rio de Janeiro kilianzisha maabara ya Tecgraf. Mteja wao mkubwa alikuwa Petrobras, kampuni ya mafuta ya nchi hiyo. Wahandisi wa Petrobras walikuwa na kazi za kuingiza data nyingi kwenye programu za michoro, na nyingine za kutoa ripoti za miamba. Tecgraf wakawatengenezea vijilugha viwili. Kimoja kiliitwa DEL, cha kueleza data za kuingizwa. Kingine SOL, cha kupanga ripoti. Watumiaji wakavipenda, halafu wakaanza kudai zaidi: tunataka masharti, tunataka kurudiarudia, tunataka hesabu. Yaani walitaka lugha kamili.

Katikati ya mwaka 1993 watu watatu wa maabara wakakaa kuzungumza: Roberto Ierusalimschy, mwalimu wa chuo, Luiz Henrique de Figueiredo, mtafiti, na Waldemar Celes, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Mwanafunzi, wadau! Wakaamua kuviunganisha vijilugha hivyo viwili kuwa lugha moja. SOL kwa Kireno maana yake ni jua, basi rafiki yao mmoja akapendekeza hii mpya iitwe Lua, yaani mwezi.

Kilichonigusa ni kwamba nao walikutana na swali la kalamu nyekundu, na wakalijibu. Waliangalia zilizopo. Tcl ilikuwa na sintaksia ngeni, haikuwa nzuri kwa kueleza data, na wakati huo iliendeshwa kwenye Unix tu. Lisp na Scheme zingewatisha wahandisi ambao si waandishi wa programu. Python ilikuwa bado mtoto mchanga. Na wateja wao walikuwa na mashine za kila aina, kuanzia DOS mpaka Unix. Kwa hiyo Lua ikaandikwa kwa C ya kawaida kabisa, ile ambayo kila kompaila inaielewa, na ikafanywa ndogo. Ukitaka vikorombwezo vya mfumo fulani, unaongeza juu yake. Ukivikosa, kiini kinabaki kizima.

Ndiyo generic hiyo. Uamuzi uliofanywa mwaka 1993 kwa ajili ya mashine za mchanganyiko za kampuni ya mafuta ndio ulioniokoa mimi Ijumaa usiku bila bando. Ina gharama zake lakini. Lua yangu haikumbuki amri ya nyuma nikibonyeza mshale, na haiwezi kupakia maktaba za C kutoka nje. Nikipata hela ya bando nitaijenga upya na readline. Na ukichukua toleo la 5.4, la mwaka 2020, make linux haidai tena readline, kwa hiyo huo mtego hutaukuta.

Safari yake ya kutoka Rio nayo ina funzo. Toleo la 1.1 la mwaka 1994 lilitolewa bure kwa wanazuoni tu, na wafanyabiashara wakatakiwa kuja mezani kujadiliana. Hakuna aliyekuja mpaka mwisho. Toleo la 2.1 la mwaka 1995 likawa huru kwa wote. Mwaka 1996 wakaandika makala kwenye jarida la waandishi wa programu la Marekani, Dr. Dobb's Journal, na mwanzoni mwa 1997 wakapokea barua pepe kutoka LucasArts, watengeneza michezo ya kompyuta, kwamba wanataka kujaribu kutumia Lua kwenye mchezo wao mpya. Mchezo huo, Grim Fandango, ulitoka mwaka 1998. Baadaye ikaingia kwenye World of Warcraft, kwenye Lightroom ya Adobe, na tangu 2013 kwenye violezo vya Wikipedia, ya Kiswahili ikiwemo. Ila nikiri na hili: jina ni la Kireno, lakini maneno yake ya ndani, if, while, end, ni ya Kiingereza.

Jumamosi asubuhi nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo programu imefika wapi?"

Nikamweleza yote, nikamuuliza angependa ipi: lugha yangu ya Kiswahili, au hii ya Wabrazili. Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, hiyo yako nani mwingine anaijua?"

"Mimi tu, mjomba."

"Sasa siku ukipata kazi mbali, ukawa hushiki simu, nitamuuliza nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamtumia ujumbe wenye mistari hii ya mfano:

makato = {
  ushuru = 0.03,
  chama = 50,
}

Nikamuuliza kama anaielewa. Akajibu baada ya dakika mbili: "Chama 50 ni kwa kilo? Nikitaka 60 nabadilisha hapo tu?" Ndiyo, mjomba. Hapo tu. Na hiyo ni Lua halali. Majina nimeyachagua mimi kwa Kiswahili, na lugha haikulalamika.

Kwa hiyo Jumatatu ninakwenda kumwambia msimamizi kwamba lugha yangu nimeiweka kando. Inauma, maana miezi miwili si mchezo. Wale watatu waliandika ya kwao baada ya kukagua zilizopo na kukuta hazimfai mteja wao. Mimi sikukagua. Nilitaka kuwa na lugha, mteja nikamtafuta baadaye. Mwenzangu wa chumbani naye nimemwonyesha kila kitu, kasoma mpaka mwisho, kakubali kwamba Brazili inahesabika. Halafu akauliza kama ninaweza kumwekea na yeye kwenye laptopu yake.

Anayeitaka anitafute na flashi yake, jioni nipo chumbani. Ngoja nikapumzike, saa mbili asubuhi nina kipindi. Tupo pamoja.